Kobe Apewa Jembe

Paukwa? Pakawa. Pakawa nini? Jembe. La nani? La asiyelima. Haya, tegeni masikio, na atakayesinzia atalishika yeye.

Hapo kale Fisi alianzisha chama cha kuwatafutia kazi wanyama waliokataliwa na waajiri. Fuko alikataliwa kwa sababu haoni, Nungunungu kwa sababu ya miiba. Ukijiunga, unalima shamba la Fisi siku tatu bila chakula, eti majaribio. Siku ya nne Fisi anasema, "Umefeli, jaribu mwakani."

Kobe naye alikataliwa kila mahali kwa ajili ya mwendo wake. Watoto wake walilala njaa, na aibu ilimtafuna. Akaenda kwa Fisi, ko, ko, ko.

"Umekuja kujiunga?" Fisi akauliza.

"Nimekuja kukusalimia tu, mjomba."

Majirani walikuwa wanatazama, na mgeni hafukuzwi. Siku ya kwanza Kobe akala ugali, nyam nyam. Siku ya pili akala wali, nyam nyam. Siku ya tatu Fisi akaleta jembe huku anacheka.

"Mgeni siku mbili, mpwa wangu. Ya tatu mpe jembe."

Kobe akalipokea kwa adabu. "Majirani mmeona, nimepewa kazi bila majaribio. Na mwenye jembe hula kutoka chungu cha mwenye shamba."

Akajitwika jembe, akaanza safari ya shambani, ko, ko, ko. Mchana alikuwa kizingitini, akala. Jioni alikuwa uani, akala. Wiki ikaisha, yuko kwenye banda la kuku.

"Utafika lini?" Fisi akafoka.

"Niko kazini, mjomba. Mwendo wangu uliujua. Na ndugu zangu kumi na wawili wako njiani, wanakuja kukusalimia."

Fisi akachungulia chungu, kikavu. "Unataka nini?"

"Kazi ya kweli. Mimi, Fuko na Nungunungu."

Fisi akahaha mji mzima, akabisha kila mlango. Fuko akapata kazi ya kuchimba visima, Nungunungu akalinda ghala, Kobe akabeba mayai ya sokoni na hakuvunja hata moja. Watoto wake wakashiba.

Shamba la Fisi likaota magugu. Njaa ilipombana, akabisha kwa Kobe kuomba kazi.

"Karibu, mjomba," Kobe akasema. "Leo na kesho utakula."

"Na keshokutwa?"

Kobe akatazama jembe lililoegemea ukuta.

Funzo ni hili, watoto: mwajiri hapendi mzembe, kwa hiyo anayetaka kazi akimbie, kama Kobe. Ngano yangu imeishia hapo. Kama ni tamu tumeila wote, kama ni chungu nitaitafuna mwenyewe.