Hodi Mlangoni kwa Nakiete

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mmeisikia leo arusini, wajukuu zangu, na sasa mnauliza imetoka wapi. Wengine wana masimulizi yao. Sisi watu wa Kwembago tunasema methali hii ilianza hivi.

Vuli moja mvua ilibomoa daraja la reli, garimoshi likakwama stesheni ya chini ya mlima. Miongoni mwa abiria alikuwamo Riziki binti Kombo, mjane wa Pangani, aliyekuwa akienda Moshi kumwona bintiye aliyejifungua. Walipoambiwa wangoje hadi kesho, akapanda mlima kutafuta pa kulala. Hakuwa amewahi kuona mji wa milimani.

Aliukuta mji wenye nyumba za udongo na mapaa ya nyasi, migomba ikidondosha maji. Jua lilikuwa halijazama, lakini milango yote imefungwa. Ukungu ulikuwa ukishuka. Alibisha hodi nyumba hadi nyumba; alisikia watu wakipumua ndani, ila hakuna aliyeitika.

"Jamani, mimi ni mgeni! Nimeshuka kwenye garimoshi, naenda kumwona mjukuu wangu aliyezaliwa juzi!"

Mlango mmoja ukafunguka. Mwanamke aliyekonda, jina lake Nakiete, akamvuta ndani haraka na kutia komeo.

"Samahani, dada. Nimekufungulia kwa kuwa umesema utokako. Wao hawasemi."

"Wao kina nani?"

Kabla Nakiete hajajibu, sauti ya kijana ikasikika nje. "Hodi."

Nakiete akajitupa kitandani. "Usiitike! Ni Hoza, mwanangu. Mlima uliporomoka vuli iliyopita, ukamfunika yeye na wenzake, hatukuwapata. Ukungu ukishuka wanarudi. Wazee wamesema anayeitika huondoka nao."

"Hodi, mama."

Nywele zilimsimama Riziki. Lakini sauti ile ilikuwa ya mtu aliyechoka, aliyelowa, na mlango ulikuwa wa mama yake. Akamtazama Nakiete: mifupa mitupu, chakula kimelala chunguni bila kuguswa. Akaona kwamba mwanamke huyu anakufa kwa kutoitika.

"Mimi nitaitika," akasema. "Akichukua mtu, na anichukue mimi."

"Una mjukuu hujamwona, dada!"

Riziki alisita. Kisha akaondoa komeo. "Karibu, mwanangu. Mama yako yupo."

Ukungu ukaingia, ukinuka udongo mbichi. Hakuonekana mtu. Ila sakafuni nyayo zenye tope zilijichora, moja baada ya nyingine, zikampita Riziki, zikakoma kitandani. Blanketi juu ya magoti ya Nakiete likabonyea, kama lililolaliwa na kichwa.

"Pole, baba," Nakiete akanong'ona, akipapasa hewa. "Pole na baridi. Sikukukataa. Niliogopa tu. Pumzika sasa."

Blanketi likainuka taratibu. Nyayo za kutoka hazikuonekana.

Asubuhi Nakiete aliomba uji, akaumaliza. Majirani walimkuta uani akifagia, wakapigwa na bumbuwazi. Alipowasimulia, jioni ile milango yote ya Kwembago ilifunguliwa, na kila hodi ikaitikiwa, watu wakilia. Ukungu uliofuata ulikuwa ukungu tu.

Riziki alifika Moshi salama, akampakata mjukuu wake. Ila alimpakata kwa mkono wa kushoto, kwani ule ulioondoa komeo ulibaki baridi hadi alipokufa.

Ndiyo maana huku kwetu msafiri akibisha, hata kama hatumjui, tunainuka sote kumfungulia: mgeni njoo, mwenyeji apone.