Waya wa Baba Siti

Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto aliyemtia hofu. Mtoto mwenyewe ni Siti, mwaka unakaribia kutimia, na sufuria ikianguka nyuma yake hashtuki, hageuki. Kila mara Zawena, mama yake, akisema jamani tumpeleke hospitali akapimwe masikio, mumewe Mbaruku humkalisha mtoto mbele yake, akapiga makofi, na Siti akayatazama akacheka. "Anasikia huyu, tena kukushinda wewe," husema Mbaruku, na mama mkwe huitikia kutoka jikoni, "Shule imekutia woga, mwanangu."

Mbaruku alipenda muziki kuliko chakula. Alikuwa na spika mbili, kimo chake kama kabati la vyombo, na siku moja alirudi na waya mpya wa kuziunganishia, mnene, unang'aa kama shanga. Akaufunga, akakaa akiutazama. "Mama Siti, sikia besi ilivyotulia! Sikia mwimbaji anavyovuta pumzi!" Zawena akasikiliza, akasikia taarabu ileile ya jana, na hofu ikamzidi, maana haya ndiyo masikio yaliyomkatia mwanawe hukumu.

Mume alipokwenda kuoga, Zawena akaufungua waya mpya, akarudisha wa zamani. Mumewe aliporudi, Zawena akamfunga leso machoni, mchezo tu, akamwambia nakubadilishia, wewe sema upi ni upi. Akachakurachakura nyuma ya spika bila kugusa kitu, akatulia, akachakura tena. Mbaruku akapiga paja.

"Huu! Huu ndio wangu! Hata kipofu ataujua!"

Alipovua leso akaona waya wake mpya uko mkekani, mikononi mwa Siti, anautafuna, ute unamchuruzika mpaka kidevuni, naye amewapa mgongo.

Mbaruku hakucheka. Aliitazama spika, akautazama waya, kisha akanyoosha mkono akazima muziki. Ndipo Zawena akasema, "Sasa mwite mwanao, Baba Siti, lakini ubaki hukohuko nyuma yake, asikuone."

Akamwita polepole. Akamwita kwa nguvu. Akapiga makofi, akapiga tena, mpaka mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Siti akaendelea kutafuna waya.

Kulipokucha wakaenda hospitali, na aliyembeba mtoto njia nzima ni Mbaruku. Mtu huyu hakuwa mwongo, tusimwonee. Ile besi aliisikia kweli, na mtoto alimwona akicheka kweli, ila kila mara jicho lilitangulia kumwambia sikio lisikie nini, na moyo ukashukuru.

Nawe unayeapa kwamba nyumbani kwako ni salama, umemruhusu nani akufunge leso akupime?