Jina la Ubeti wa Mwisho

Tueni vikombe, mnisikilize. Pangani walikuwako wanawake watatu. Bi Riziki alikuwa na kichwa kisichosahau ubeti. Mkasi, mshona mito ya kulalia, alikuwa na mkono usiotupa kitu. Dokta Tatu, mtafiti wa maisha ya wanawake watunzi, alikuwa na jicho kali, na hasira.

Hasira yake ilitokana na utenzi mmoja. Miaka hamsini shule zimeusomesha kwa jina la Shekue bin Hamadi. Watunzi wa zamani hujitaja katika beti za mwisho. Huu ulikatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Shekue, mpenda sifa yule, aone haya kujitaja?" Tatu alifoka. "Si wake!"

Akabisha hodi kwa Bi Riziki. Bibi akafumba macho, akaghani, akapita pale kitabu kilipoishia:

*Mtunzi ukiuliza,*
*ni Esha, nimemaliza,*
*jikoni nikiyawaza*
*na mwana ninamlea.*

"Mke wa Shekue huyo, mwanangu. Alitufundisha tukitwanga."

"Na mkanyamaza?"

"Nani alituuliza?"

Tatu akaupeleka ubeti kwa mchapishaji wa kitabu, naye akacheka. "Dokta, maneno ya vikongwe si ushahidi. Leta karatasi."

Mkasi aliposikia hivyo akaleta mto wake, akaupasua kwa wembe. Ndani ya sufi mlikuwa na ukurasa wa herufi za Kiarabu.

"Mama alikuwa mtumishi wa nyumba ya Shekue. Alimwona bwana akiuchana ukurasa huu daftarini, Mwana Esha analia. Hakujua kusoma, lakini akauokota, akauficha. Mimi nimebadili foronya mara nane, karatasi sijaigusa."

Tatu akasoma. Ni ubeti uleule.

Mchapishaji, alipoonyeshwa, akanywea. "Basi, jina la Esha litakaa juu ya jalada. Chini yake tunaweka jina moja la aliyeurudisha utenzi. Moja tu, ndiyo desturi yetu. Likikosekana kufikia Ijumaa, tutamweka mjukuu wa Shekue, mrithi wa kitabu."

"Mjukuu kafanya nini?" Tatu alipiga meza, vikombe vikaruka.

Ijumaa ikafika, watatu wakaketi na karatasi ya mchapishaji.

"Bila kichwa changu," alisema Riziki, "ungejua utafute nini?"

"Na bila mto wangu, shoga, si wangekuwa wanakucheka mpaka leo?" Mkasi akadakia.

"Na bila mimi kuja kuuliza," Tatu alisema, "mngezikwa nalo jina la Esha."

Kisha Riziki akamsogezea Tatu kalamu. "Andika wewe, msomi."

Tatu akaishika kalamu. Akiandika lake, ana tofauti gani na Shekue? Akiandika la mmoja, mwingine anafutwa. Akiacha wazi, mjukuu anaingia.

Kalamu iko hewani. Haya, mlioketi hapa: mnamwambia aandike nani?