Fagio la Jirani na Jivu la Mbonea

"Fagio la jirani halina macho." Mmemsikia Mzee Senzota akiwatupia maneno hayo leo asubuhi, mlipokimbilia kuondoa matofali ya ukuta ulioangushwa na lori, na trafiki hata hajafika kupima. Mmenuna, kwa kuwa mlikuwa mnasaidia. Kaeni basi, msinune. Methali hiyo si ya wahenga wa kale. Aliyeisema kwanza nilimfahamu kwa uso na kwa sauti, na asili yake ni hii.

Hapa hapa milimani Upare aliishi mtu akiitwa Mbonea. Aliendesha malori huko Tanga kwa miaka mingi, kisha akarudi nyumbani kulima tangawizi. Mkewe, Nakijwa, alikuwa na pumu. Waliishi katika nyumba ya udongo ya wazee wao, kitanda na mafiga chumba kimoja, na moshi wa kuni ulikuwa ukimkaba yule mama mpaka midomo inabadilika rangi. Daktari alimwambia Mbonea waziwazi kwamba akimwacha mkewe kwenye moshi, atamzika. Basi Mbonea akajenga nyumba ya matofali yenye dari ya mbao, madirisha makubwa na umeme, na jiko akaliweka mbali, kule nyuma. Nakijwa akaanza kulala usingizi mzima.

Huko Tanga Mbonea alikuwa ameona watu wakizikatia nyumba zao bima, naye akaikatia yake. Ah, walimcheka! "Mbonea analisha moto usiowaka," walisema vilabuni. Yeye alijibu kwamba pumzi ya mkewe imo ndani ya nyumba ile, na kwamba hana nguvu za kujenga nyingine.

Moto ukaja kuwaka. Mchana mmoja umeme ulikatika, na uliporudi ulirudi kwa kishindo. Waya ukatoa cheche darini, mbao kavu zikashika. Mbonea alikimbia kutoka shambani akamtoa Nakijwa akiwa hai, lakini alikuwa amevuta moshi mwingi. Akateremka naye hospitali, Same, na akiwa huko akawapigia simu watu wa bima. Wakamwambia mkaguzi atakuja.

Sasa, mnajua msaragambo wetu. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu, na kazi ya mmoja inakuwa ya wote. Mwenyekiti Kajiru alipiga pembe, akasema ni aibu Mbonea arudi na mgonjwa wake akute magofu meusi. Watu wakaja na majembe, karai na mafagio. Mabati yaliyojikunja, nyaya zilizoyeyuka, swichi kuu, vyote vikatupwa korongoni. Kuta zilizopasuka zikabomolewa, hata za jiko la nyuma lililoshikwa na moto. Jivu wakalimwaga kwenye tangawizi yake, angalau limpe rutuba. Wanawake wakamalizia kwa kufagia. Kisha mvua ikanyesha, na korongo likabeba kila kitu. Mbonea aliporudi akakuta uwanja msafi, alilia kwa shukrani. Aliwashika mikono mmoja mmoja.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole. Alisimama katikati ya uwanja akageuka huku na huku.

"Shikamoo mzee. Nyumba iliyoungua iko wapi?"

"Marahaba. Umesimama juu yake, mwanangu."

"Na nyaya? Swichi kuu? Mbao za dari?"

Mbonea hajafungua kinywa, jirani yake Namsifu akajitokeza akitabasamu. "Tuliondoa vyote, baba. Ungepaona palivyokuwa! Hatukuacha hata msumari."

"Na kuta nilizibomoa mimi," Kajiru akaongeza, kifua mbele. "Pembe ililia mara moja tu, kijiji kizima kikaja."

Kila mmoja akasogea kueleza alichobeba. Walidhani wanamsaidia mwenzao, waonekane walivyompenda, kumbe kila neno lilikuwa linamzika. Mbonea aliwatazama wale wale aliowashika mikono, na uso ukamshuka.

"Mzee," mkaguzi akasema taratibu, "bima inalipa moto wa bahati mbaya. Lazima nione ulianzia wapi. Na mahali palitakiwa paachwe vilevile mpaka tufike."

"Kijiji kizima kiliuona moto."

"Waliuona ukiwaka, mzee. Nani aliuona ukianza?"

Nakijwa peke yake ndiye aliyekuwa ndani, na alikuwa amelala.

Ofisi ikakataa kulipa. Mbonea alikwenda mjini akarudi, akaenda tena akarudi, amekonda, na jibu ni lile lile. Pembe ikalia tena. Watu wakaja na miti na udongo, kwa sababu ndivyo walivyokuwa navyo, wakaikarabati ile nyumba ya zamani. Nakijwa akarudi kwenye chumba cha moshi. Kipupwe kile kuni zilikuwa mbichi, na baridi hairuhusu kupika nje. Alikohoa, akakohoa. Mvua za vuli hakuziona.

Asubuhi ya msiba wanawake walifika na mafagio, kama desturi, wafagie uwanja kabla wafiwa hawajajaa. Mbonea alikuwa amekaa mlangoni. Alipomwona Namsifu ameinama, aliruka.

"Acha, mama! Acha hapo!"

"Baba, watu wanakuja, na uwanja mchafu."

Mbonea akanyoosha kidole kwenye vumbi. Palikuwa na nyayo za Nakijwa za jana yake jioni, alipotoka kutafuta hewa, kutoka mlangoni mpaka kwenye jiwe alilopenda kukalia.

"Zile ni zake," akasema. "Sina kingine cha kumwonyesha mtu kwamba alikuwepo. Najua mnanipenda, Namsifu, sijawahi kulitilia shaka. Lakini fagio la jirani halina macho."

Namsifu akaketi chini pale pale akalia kwa sauti. Waombolezaji wakapita kando ya ukuta, mmoja nyuma ya mwingine, na hata jeneza lilipotolewa lilizungushwa pembeni ya nyayo zile. Wiki ile ile mvua za kwanza zikanyesha, nyayo zikaenda na maji.

Namsifu yupo hai mpaka leo, mnamjua. Mkimkuta na fagio, mtamwona anasimama kwanza, anatazama chini muda mrefu. Huwa mnamcheka kwamba uzee umemchosha. Msimcheke tena, wajukuu zangu. Fagio la jirani halina macho.