Baraka ya Dirishani

"Baraka ya dirishani hufika kitandani." Maneno hayo mliyasikia leo kwa Haikaeli, mlipokwenda kumtazama mjukuu wake mchanga, naye akawasimamisha nje na kuwafungulia dirisha kwa sababu wawili wenu mna mafua. Mlinuna. Mmoja wenu hata aliniuliza njiani kama hiyo ni methali kweli au ni njia ya kuwanyima wageni supu ya mtori. Ni methali, wanangu, na ilizaliwa papa hapa mlimani kwetu, mimi nikiwapo. Ilizaliwa hivi.

Mwaka ule virusi vya mafua makali vilipanda mlima. Mtu alikohoa kanisani, na Jumapili iliyofuata benchi zima lilikuwa linakohoa. Wenye nguvu walilala, wakaamka. Wazee na watoto wachanga ndio walioshindwa kuvuta pumzi. Nesi wa zahanati alisimama baada ya ibada akatuambia, "Ugonjwa huu husafiri kwa pumzi na kwa mate. Anayejisikia vibaya asimkaribie mtoto. Fungueni madirisha, naweni mikono kwa sabuni." Tuliitikia amina, tukatoka nje, tukapeana mikono kama kawaida yetu.

Siku hizo hizo Aikande, mke wa Elifuraha, alijifungua. Alikuwa amemwomba Mungu mtoto kwa miaka mingi, na mama mkwe wake, Bibi Ndelilio, aliomba pamoja naye, akipiga magoti jikoni mwake hadi khanga ikachakaa magotini. Mtoto alikuja kabla ya wakati wake. Alikuwa mdogo sana, kifua kikipanda na kushuka kama cha kifaranga.

Mnajua desturi yetu. Bibi humpakata mtoto, akamtemea mate kidogo kifuani na kumtamkia uhai. Ni baraka ya wazee wetu, nami siidharau. Mtoto asiyetemewa, watu husema ukoo haujampokea.

Siku ya kumpokea mtoto, Bibi Ndelilio aliamka na mkwaruzo kooni. Hakuwa na homa wala kikohozi. Ulikuwa mkwaruzo tu, kama punje ya ulezi iliyokwama. Hakuna mtu mwingine aliyejua, na angeweza kunyamaza, akaingia, akampakata mjukuu aliyemlilia kwa miaka yote ile. Alipiga magoti, akaomba. Kisha akaenda mpakani mwa shamba lake, akakata jani la isale.

Isale mnalijua. Ndilo tunalopanda kuonyesha mpaka kati ya shamba na shamba. Tena ndilo tunalompelekea mtu tuliyemkosea, tukiwa tumelifunga fundo, na anayepelekewa isale hakatai kusamehe.

Uani kwa Elifuraha tulikuwa tumejaa. Mimi nilikuwa namenya ndizi za mtori. Bibi Ndelilio alifika akiwa amejifunga kitambaa puani na mdomoni, akasimama mbali, kwenye migomba.

Shangazi Foibe, dada wa marehemu mumewe, akamwita, "Wifi, karibu ndani! Au leo umekuwa bibi harusi, hata unajifunika uso?"

"Siingii, wifi. Koo linanikwaruza."

"Koo! Langu linanikwaruza tangu waliponiweka sauti ya kwanza kwenye kwaya."

Watu wakacheka. Bibi Ndelilio hakucheka.

"Basi na wewe usiingie," akasema.

Kicheko kilikatika. Foibe akasimama, mikono kiunoni. "Unataka mjukuu wa kaka yetu akose baraka? Sema wazi basi. Umemkataa kwa kuwa ni wa kike."

Maneno hayo yalipita mlangoni, yakamfikia Aikande kitandani. Tukamsikia analia. "Mama," alisema kutoka ndani, "kama ni mimi usiyenitaka, nichukie mimi. Mtoto hana kosa."

Bibi Ndelilio alituomba tusogee, akaenda hadi mlangoni, akalifunga isale fundo, akalilaza juu ya kizingiti. Kisha akarudi nyuma.

Jani lilikuwa moja, lakini lilisema mambo mawili. Sisi tuliokuwa nje lilituambia kwamba hapa ni mpaka. Aikande lilimwambia, nisamehe, mwanangu. Akaliona kutoka kitandani, na kilio chake kikatulia. Hata Foibe hakuthubutu kulivuka.

"Elifuraha, fungua dirisha," akasema Bibi. "Aikande, mama, mwinue nimwone."

Aikande akamwinua. Bibi Ndelilio, machozi yakilowesha kitambaa, akanyoosha mikono kutoka kule migombani. "Mungu alisema neno tu, na nuru ikawa. Hakuhitaji mate yangu. Uishi, mtoto wangu. Uwe na pumzi ndefu, uote mvi. Jina lako ni Haikaeli, maana tunamshukuru Mungu."

"Baraka ya dirishani hiyo!" Foibe akanong'ona kwa sauti ya kusikika. "Itafika wapi?"

Kesho yake homa ilimwangusha Bibi Ndelilio. Muda si mrefu Foibe naye alikuwa kitandani, na nusu ya kwaya. Bibi alijifungia kwake, na kikombe chake na sahani yake peke yake. Elifuraha alimwachia chakula kwenye kizingiti chake, akarudi nyumbani na kunawa. Kila asubuhi Aikande alimwinua mtoto dirishani, na ng'ambo ya migomba mkono mmoja ukapungwa. Siku nyingine mkono ulichelewa, nasi tukaomba. Msimu ule kanisa letu lilizika watoto wachanga. Haikaeli hakuwamo.

Bibi alipopona kabisa, na nesi akamruhusu, alinawa mikono, akaliokota isale lililokuwa limekauka kizingitini kwa Aikande, akaingia. Aikande alimwekea mtoto mapajani.

"Mtemee sasa, Mama."

"Ndiyo, wifi, mtemee umalize," akasema Foibe kutoka mlangoni, mwili umemwisha kwa ugonjwa.

"Nimalize nini?" Bibi Ndelilio alimfunua mtoto kifua. Kilikuwa kimejaa, kikipanda na kushuka taratibu. "Uliuliza itafika wapi, wifi. Njoo uone. Baraka ya dirishani hufika kitandani."