Nyani Aliyekunywa Uji wa Mzazi

Hodi na hadithi!

"Karibu na hadithi!"

Niiweke wapi?

"Iweke masikioni!"

Haya, tegeni.

Hapo zamani Mama Pimbi alijifungua kitoto chake cha kwanza kwenye pango dogo chini ya miamba. Kililia nyee, nyee, kikatafuta titi, kikalipata, kikanyonya, kikaliacha, kikalia tena nyee, nyee. Maziwa yalikuwa machache. Mumewe alikuwa juu ya mwamba anaota jua, na kuota jua, ninyi wenyewe mnajua, ni kazi nzito.

Jirani yao Shangazi Kanga akasema, "Mwanangu, una njaa, ndiyo maana hayaji." Kanga hutaga mayai, maziwa hayajui hata rangi, lakini uji wa mzazi anaujua. Akaupika kwa ulezi, nazi na pilipili manga, bwata bwata, akauacha mlangoni upoe.

Nyani dume, rafiki wa mume wa Mama Pimbi, akasikia harufu. Akashuka mtini, pu!

"Hodi, shemeji! Naonja tu."

Akaonja. Bwaku, bwaku, bwaku. Chungu kikabaki kinang'aa. Mama Pimbi akabaki na njaa, na kitoto kikalia nyee, nyee.

Kesho yake Shangazi Kanga akapika tena, bwata bwata. Nyani akashuka, pu!

"Hodi, shemeji! Jana sikuonja vizuri."

Bwaku, bwaku, bwaku. Safari hii kitoto hakikulia sana. Kililegea tu kifuani mwa mama yake, na ukimya ule ulimtisha kuliko kilio. Aliogopa hasa. Apigane na Nyani, mwenye meno marefu kuliko miguu ya pimbi? Akakibusu kitoto utosini, akawaza.

Asubuhi iliyofuata Nyani alipomaliza kulamba chungu, alimkuta Mama Pimbi anamtazama kifuani kwa huruma.

"Shemeji, kifua hakikuwashi?"

Nyani naye, lini hajikuni? Akajikuna, kwaru kwaru. "Kinawasha kidogo."

"Masikini! Basi yanakuja."

"Yapi?"

"Maziwa, shemeji. Huu ni uji wa kuleta maziwa. Mimi sijanywa hata tone, umekunywa wewe. Sasa unadhani yatamjia nani?"

Nyani akacheka. Kisha akajikuna tena, kwaru kwaru, na kicheko kikakatika.

"Lakini mimi ni dume!"

"Uji haujui hilo. Ila usijali, majirani nimeshawaambia. Mama Ngiri analeta wanawe wote wanyonye. Mama Nungunungu naye yuko njiani."

"Nungunungu!"

"Wanawe wana miba, lakini wapole. Hebu tuanze na huyu wangu."

Akampakatisha kitoto. Kitoto kilikuwa na njaa, hakikuuliza kifua cha nani. Kikakamata manyoya na ngozi yake, kikavuta, fyonz!

"Mamaaa!" akalia Nyani, yeye anayetisha msitu mzima. "Mtoe, shemeji! Dawa hakuna?"

"Ipo. Aliyekunywa apike, mzazi anywe, kila asubuhi mpaka arobaini iishe. Na mpishi asionje. Akilamba hata mwiko, kifua kinaanza upya."

Basi Nyani akapika, bwata bwata, anakoroga huku kageuza uso pembeni. Akaja polepole na chungu mikononi.

"Hodi, shemeji. Sijaonja, wallahi."

Mama Pimbi akanywa uji wa moto mpaka jasho likamtoka puani. Maziwa yakaja, chururu. Kitoto kikanyonya, kikanyonya, kikacheua, beu, kikalala mdomo wazi na tone jeupe kidevuni. Mama yake akalia kwa furaha. Shangazi Kanga naye akalia, hata hakujua kwa nini.

Fundisho, watoto wangu: uongo ni mbaya sana, msiuseme kamwe. Mama Pimbi alisema uongo mmoja tu, na adhabu yake ikawa kuletewa uji kitandani mpaka arobaini. Mumewe hakusema uongo wowote. Huyo ndiye wa kuigwa: yuko juu ya mwamba mpaka leo, anaota jua, na kifua hakimuwashi.

Hadithi yangu imeshiba!

"Ilaze!"

Nimeshailaza.