Mzee Aliyemsahihisha Mkewe

Wapendwa, leo nawaletea mzee mmoja hapa mbele. Si wa usharika huu, kwa hiyo acheni kutazamana.

Mzee huyu alifanya kazi ya kompyuta miaka thelathini na minne. Kazi yake ilikuwa kusaka makosa. Wenzake wakishatengeneza programu, yeye anakabidhiwa aikague kabla haijawafikia watu, na kila kosa analiandika: namba moja, namba mbili, mpaka orodha iishe. Alikuwa hodari kweli. Kosa lililowapita watu kumi, yeye alilinasa kabla chai yake haijapoa.

Akastaafu. Wastaafu wetu tunawajua: mmoja anafuga kuku, mwingine anagombea uenyekiti wa mtaa. Huyu akasema, "Tangu shuleni nilitaka kuchora. Sasa nachora." Akanunua rangi na brashi, akajifunza mwaka mzima. Akachora mapapai, akachora majirani, mkono ukakubali. Ndipo akamwambia mkewe, "Mama, mwaka huu tunatimiza miaka arobaini ya ndoa. Kaa hapo nikuchore, picha tuifunue siku ya shukrani."

Yule mama alifurahi, jamani. Mnadhani ni kwa sababu ya picha? Wapi! Miaka yote ile mume alirudi nyumbani macho yamechoka kwa kioo cha kompyuta, anakula, analala. Sasa kila asubuhi, wiki sita nzima, mama anakaa kitini anatazamwa. Akaanza hata kuvaa hereni. Kina mama mnanielewa.

Siku ya shukrani ikafika, ndugu wamejaa sebuleni. Mzee akaondoa kitambaa, vigelegele vikapigwa. Picha ilikuwa nzuri, ngozi laini, meno yamepangana. Dada wa yule mama akasogea, akavaa miwani, akaitazama kwa muda.

"Hongera, shemeji. Huyu ni nani?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. "Baba," akasema, "kovu langu la kwenye paji liko wapi?"

"Nimelitoa," mzee akajibu bila kusita. "Na lile pengo nimeliziba, na jicho linalolegea nimelinyanyua. Nilikuwa na orodha. Makosa kumi na moja, yote nimeyamaliza."

"Makosa?" mama akauliza. "Kovu hili nililipata siku ulipoitwa kazini mitambo imezima, nikabaki peke yangu na mtoto ana homa. Nilianguka naye kwenye ngazi. Nikamkinga yeye, kichwa changu kikapiga saruji. Uliporudi ukauliza kama kuna chai."

Mama akainuka.

"Wiki sita hizi nilidhani unanitazama," akasema. "Kumbe ulikuwa unanikagua."

Akaenda zake jikoni. Mzee, kwa aibu aliyokuwa nayo, akashika brashi haraka alirudishe lile kovu. Brashi ikafika kwenye paji, ikasimama. Hakujua ni upande wa kulia au wa kushoto.

Mmenyamaza. Mlikuwa mnacheka sasa hivi.

Je, sisi tuna tofauti gani na mzee huyu? Wiki hii kikapu cha maombi kimeniletea karatasi ishirini na tisa, nimezisoma zote. "Bwana, mbadilishe mume wangu." "Bwana, mrekebishe mkwe wangu." "Bwana, mnyooshe mwanangu." Hata Mungu tunamkabidhi orodha, kana kwamba tumemwajiri sisi! Karatasi inayosema, "Bwana, nisaidie nimwone mwenzangu," sikuipata, na nilipekua mara mbili. Yeye anayezijua dhambi zetu zote anatutazama hivi hivi tulivyo, na anatupenda. Sisi tumelala nyumba moja na watu miaka ishirini, kasoro zao tunazitaja kwa mpangilio, lakini mateso yao hatuyajui. Mimi mchungaji wenu nimo humo humo. Karatasi moja kati ya zile niliiandika mimi.

Kila Jumapili nawaambia mgeukie jirani yako, mwambie neno. Leo msiseme neno lolote. Mgeukie uliyekuja naye, mtazame. Na ukiona cha kurekebisha, funga mdomo, endelea kutazama.